Mikesha Tisa na Siku ya Kumi

Haya ni maneno ya somo letu la redio, yaliyopigwa chapa ili kila mtu awe nayo mkononi. Waliosikiliza watayakumbuka. Ambao hawakusikiliza, kwa sababu ya mvua au betri iliyokwisha, hawakupotewa na kitu. Someni polepole. Mkikuta neno gumu lipiteni kwanza. Huenda mwisho wa sentensi ukawafafanulia.

Mwanafunzi mmoja ametuletea barua ya mistari minne, aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Anasema: karibu na nyumba anayofanya kazi kuna jirani Wahindi, na kila mwaka, zikisalia wiki chache kufika Novemba, watu hao hukesha wakicheza kwa duara na kupiga makofi, usiku baada ya usiku. Anauliza, je, ni harusi? Na kama ni harusi, mbona bwana harusi haonekani?

Ni swali zuri. Basi leo tutamjibu, na jibu lenyewe ni refu.

Kwanza tutenganishe maneno mawili, nanyi yaandikeni ubaoni: Mhindi, Mhindu. Mhindi ni mtu ambaye asili yake ni nchi ya India, ambayo wazee wetu waliiita Bara Hindi. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Wahindi wengine ni Waislamu, wengine Wakristo, wengine Masingasinga. Wazee wa pwani waliwaita wafanya biashara wa Kihindu Mabaniani, hata wakawatungia methali, ile ya kiatu chake dawa. Methali hiyo haina heshima. Yatuonyesha kwamba kwa miaka mingi tulinunua kwao kanga na mafuta ya taa, wala hatukuuliza wanamwomba nani wakisha kufunga mlango wa duka.

Sikukuu aliyoiona mwandishi wetu huitwa Navaratri. Nava ni tisa, ratri ni usiku. Sisi tungaliweza kuiita mikesha tisa. Huanza mwezi unapoandama, katika Septemba au Oktoba, na siku ya kumi ndiyo siku ya ushindi, ambayo wengine huiita Dasara na wengine Vijayadashami. Hapa wanafunzi Waislamu watashangaa kidogo. Ikiwa Wahindu nao huhesabu mwezi kwa mwandamo, mbona sikukuu yao haihamihami kama Ramadhani, ambayo kila mwaka hutangulia kwa siku kama 11? Sababu ni hii: kila inapokaribia miaka mitatu, Wahindu huongeza mwezi mmoja wa ziada katika mwaka, ili hesabu isiachane na majira. Kwa hiyo Navaratri huja sikuzote wakati mvua kubwa za India zinapokwisha, mito imejaa na mashamba ni mabichi.

Yasimuliwa kwamba palikuwa na zimwi jina lake Mahishasura, mwenye sura ya nyati. Alifanya toba kali hata akapewa ahadi kwamba hapana mwanamume, awe mtu au mungu, atakayeweza kumwua. Wanawake hakuwataja, maana hakuwahesabu kuwa kitu. Akawafukuza miungu kwao. Ndipo miungu wakakusanya nguvu zao zote, na katika nguvu hizo akatokea mungu wa kike, Durga, mwenye mikono mingi. Kila mungu akampa silaha yake. Akampanda simba, akapigana na zimwi siku tisa, na siku ya kumi akamwua.

Hicho ni kisa kimoja. Lakini ukienda kaskazini ya India utaambiwa kwamba siku ya kumi ni siku Mfalme Rama alipomwua Ravana, mfalme wa Lanka mwenye vichwa kumi, aliyemwiba mkewe Sita. Siku ni ile ile, na visa ni viwili. Wala Wahindu hawaoni shida. Dini yao haina mtume mmoja wala kitabu kimoja kinachowabana wote, na kila jimbo lina lugha yake na desturi zake. Ndiyo maana huwezi kuuliza, "Wahindu huisherehekeaje Navaratri?" Lazima uulize, "Wapi?"

Yako mambo machache ambayo utayakuta karibu kila mahali. Nyumba husafishwa. Mahali pa ibada huwekwa chungu cha maji, na mdomoni mwake majani ya mwembe, na juu ya majani nazi nzima. Chungu hicho huwa kama kiti cha mungu wa kike kwa siku zote tisa. Mara nyingi hupandwa punje za shayiri katika udongo kando yake, na siku ya tisa ziwe zimeota majani. Jioni huwashwa taa ya samli, nayo huzungushwa polepole mbele ya sanamu au picha huku kengele ikilia. Kisha watu hupitisha mikono juu ya mwali na kujigusa uso, kuchukua baraka ya mwanga ule. Chakula kilichotolewa mbele ya mungu hugawiwa watu wote. Taa hiyo huitwa arati, na chakula hicho prasad.

Sasa twende Gujarat, jimbo la magharibi lililo ukingoni mwa bahari ile ile inayopiga Mombasa na Unguja. Wahindu wengi wa Afrika ya Mashariki asili yao ni huko, ama ni Kutch iliyo sehemu ya jimbo hilo. Huko, na kwa hiyo hata Kisutu katika Dar es Salaam, mkesha huitwa garba. Katikati ya uwanja huwekwa chungu cha udongo kilichotobolewa matundu mengi, na ndani yake taa inayowaka. Mwanga hutoka katika yale matundu kama nyota. Wanawake huzunguka chungu kile wakiimba na kupiga makofi. Neno garba latoka katika neno la Kisanskriti lenye maana ya tumbo la uzazi: chungu ni tumbo la mama, na taa ni uhai uliomo. Wanaume nao huingia, hasa katika mchezo wa fimbo fupi mbili uitwao dandiya, ambao mgeni akikosea hesabu hugongwa vidole. Basi, mwandishi wetu, bwana harusi hayupo. Yule anayezungukwa ni Mama, na duara lile ndiyo sala.

Katika siku hizo Wagujarati wengi hufunga. Kufunga kwao si kama kwa Waislamu. Hawaachi maji wala chakula chote, bali huacha nafaka za kawaida, wakala matunda, maziwa, viazi na punje nyeupe ziitwazo sabudana. Je, mwajua sabudana ni nini? Ni wanga wa muhogo. Muhogo ule ule unaopandwa Mtwara na Kilifi huko hufinyangwa kuwa punje ndogo kama lulu, ukawa chakula cha siku takatifu.

Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin ilipowafukuza Waasia katika Uganda, familia nyingi zilifika mji wa Leicester, Uingereza, na garba ikaenda nao. Watu wanaochukua sanduku moja hawawezi kubeba hekalu, lakini duara la makofi halina uzito. Mwaka 2023 shirika la UNESCO liliiandika garba ya Gujarat katika orodha yake ya urithi wa utamaduni wa wanadamu.

Tukivuka nchi mpaka mashariki, kwenye Bengal, tutadhani tumefika katika dini nyingine. Mgujarati amefunga, Mbengali anakula samaki na nyama ya mbuzi kwa furaha kubwa. Kwa Mbengali, Durga si mpiga vita tu. Ni binti aliyeolewa mbali, naye arudi nyumbani kwa wazazi wake mara moja kwa mwaka, pamoja na watoto wake wanne. Kila mzazi aliyemwoza binti yake mbali anajua furaha hiyo, na anajua pia kwamba binti ataondoka tena.

Mjini Kolkata, ulioitwa Calcutta mpaka 2001, kuna mtaa wa wafinyanzi uitwao Kumartuli. Nataka tukae hapo kidogo, kwa kuwa miongoni mwenu wako wafinyanzi. Miezi kabla ya sikukuu hufunga miti na mianzi kuwa mifupa, juu yake hukaza majani makavu ya mpunga kwa kamba mpaka umbo la mwili lionekane, kisha hupaka udongo wa mto, tabaka juu ya tabaka, kila moja likikauka kwanza. Hawachomi sanamu tanuruni kama chungu. Ziachwe mbichi makusudi, maana safari yao ni ya kurudi majini. Desturi ya zamani yataka pia udongo kidogo uchukuliwe mlangoni pa nyumba za makahaba, nao waombwe kwa heshima. Watu hutoa sababu nyingi za jambo hilo. Mimi napenda tu kwamba mwili wa Mama haukamiliki mpaka mwanamke anayedharauliwa na wote abishiwe hodi. Mwisho kabisa huchorwa macho, na kwa desturi huchorwa siku ya Mahalaya, yapata juma moja kabla ya siku kuu zenyewe.

Na siku hiyo ya Mahalaya yatuhusu sisi watu wa redio. Tangu miaka ya 1930 redio ya Calcutta hutangaza saa kumi alfajiri kisa cha Durga na Mahishasura, kwa masimulizi, sala na nyimbo, na msimulizi wake mashuhuri alikuwa Birendra Krishna Bhadra. Nyumba nzima huamka gizani, taa zikawashwa, mtu akafungua redio, na hapo Wabengali huona kwamba sikukuu imeanza. Mwaka 1976 wakuu wa redio walimweka mwigizaji wa filamu, Uttam Kumar, mahali pa Bhadra. Watu wakakasirika mno, malalamiko yakamiminika, ikabidi kipindi cha zamani kirudishwe. Bhadra alifariki 1991, lakini sauti yake iliyohifadhiwa bado husikika alfajiri ile. Nimefanya kazi hii ya kusema katika chombo kisichoniona wala nisichokiona, na habari hiyo kila nikiikumbuka hunitia moyo na hofu pamoja.

Katika siku kuu zenyewe kila mtaa huwa na kibanda chake kikubwa cha mianzi na nguo, ambacho watu wa mtaa wamechangia fedha. Vibanda vingine hujengwa kwa sura ya hekalu, vingine kwa sura ya kitu chochote walichokipenda mafundi. Watu hutembea usiku kucha kuviangalia, ngoma kubwa za dhak zikilia. Asubuhi hukusanyika wenye maua mikononi, kuhani akisema maneno nao wakiyafuatisha, kisha hutupa maua miguuni pa Durga. Siku ya kumi wanawake walioolewa hupaka sanamu rangi nyekundu usoni na kuwekea peremende mdomoni, kama mtu anayemwaga binti, halafu hupakana wao kwa wao. Kisha sanamu huchukuliwa mtoni ikazamishwa. Udongo hurudi kuwa udongo. Siku hizi rangi za dukani zenye sumu zimekuwa taabu kwa mto na samaki wake, na mjini Kolkata husimamishwa winchi kando ya maji ili mabaki yatolewe upesi. UNESCO iliiandika sikukuu hii ya Kolkata mwaka 2021.

Lakini wako watu katika milima ya Jharkhand na West Bengal ambao siku hizo hawafurahi hata kidogo. Ni kabila liitwalo Waasur, wenye sifa ya kale ya kufua chuma. Wao husema kwamba Mahishasura alikuwa babu yao, mfalme aliyeuawa kwa hila, na ngoma zinapolia bondeni wao hukaa ndani na kuomboleza. Tunapohadithiwa vita ni vyema kukumbuka kwamba hata zimwi lina wajukuu.

Kaskazini nitapita upesi. Huko huigizwa kisa cha Rama, michezo iitwayo Ramlila. Katika Ramnagar, ng'ambo ya mto Ganges kutoka Varanasi, mchezo huchukua karibu mwezi mzima, bila vipaza sauti wala taa za umeme, na watazamaji huwafuata wachezaji kwa miguu kutoka mahali hata mahali. Siku ya kumi sanamu kubwa za Ravana, ndugu yake na mwanawe, zilizojazwa baruti, huchomwa moto mbele ya watu. Kullu, kwenye milima ya Himalaya, sherehe huanza siku ile wengine wanapomaliza, nayo huendelea siku saba. Mysore, kusini, tembo hubeba sanamu ya mungu wa kike katika kiti cha dhahabu, na jumba la mfalme huwashwa taa zinazokaribia 100,000. Jimbo la Telangana wanawake hupanga maua ya porini kama kichuguu, wakayazunguka kwa nyimbo jioni, kisha wakayaelekeza majini yaelee.

Katika nyumba za Watamil hupangwa vinyago juu ya ngazi, na idadi ya vipandio ni witiri: 3, 5, 7 au 9. Humo utaona miungu, wafalme, na pia mwuza mboga, polisi na harusi ya kijijini. Wanawake wa jirani hutembeleana kuvitazama, wakapewa tambuu, manjano, na dengu zilizochemshwa na kutiwa nazi iliyokunwa. Siku ya tisa ni siku ya vyombo vya kazi. Seremala huweka chini randa yake, mshonaji hufunika cherehani, dereva huosha basi na kulivisha shada la maua, na zote huombewa. Vitabu na kalamu huwekwa mbele ya Saraswati, mungu wa elimu, na siku hiyo hapana kusoma. Watoto hufurahi mno, kama mwezavyo kudhani.

Siku ya kumi vitabu vyachukuliwa tena. Na hapa, wanafunzi wangu, ndipo nilipotaka kuwafikisha.

Katika jimbo la Kerala, pwani ya kusini magharibi, asubuhi ya siku ya kumi watoto wa miaka mitatu minne huletwa waandike herufi ya kwanza ya maisha yao. Mtoto hupakatwa na mzee au mwalimu. Mbele yao ni sinia ya mchele. Mzee hushika kidole cha mtoto, na kwa kidole hicho huandika katika mchele. Kisha huchora herufi juu ya ulimi wa mtoto kwa pete ya dhahabu. Watoto hulia, wengine hutupa mchele, mama hucheka. Familia nyingi huenda Tirur, alikozaliwa Ezhuthachan, mshairi wa karne ya 16 anayeitwa baba wa lugha ya Kimalayalam. Hata makanisa mengine ya Kerala hufanya desturi hii, na katika mikusanyiko huja watoto wa dini mbalimbali.

Lakini sinia ile ya mchele haikuwekwa mbele ya kila mtoto. Watu wa tabaka la chini kabisa, ambao ndio waliolima mpunga wenyewe, walikatazwa shule, wakakatazwa mahekalu, hata barabara nyingine. Mmoja wao alikuwa Ayyankali, wa kabila la Wapulaya, aliyezaliwa 1863. Hakujua kusoma wala kuandika. Mwanzoni mwa karne ya 20 aliwaongoza wafanya kazi wa mashamba wakagoma. Kama watoto wetu hawaingii shule, walisema, magugu yataota katika mpunga wenu. Wakavumilia njaa. Amri ya serikali ilipotoka, wenye nguvu waliipinga, na shule moja ilichomwa moto kwa sababu msichana wa Kipulaya alipelekwa kusoma. Mahekalu ya Travancore, nchi yao, yalifunguliwa kwa Wahindu wote kwa tangazo la Novemba 1936. Wengine walichoka kungoja. Daktari Ambedkar, aliyezaliwa katika watu hao wasioguswa, aliichagua siku hii ya kumi, tarehe 14 Oktoba 1956, akauacha Uhindu katika mji wa Nagpur na kuingia dini ya Buddha, na watu mamia ya maelfu walimfuata.

Baadaye Kerala ilifanya kampeni kubwa ya kufundisha watu wazima. Walimu wengi walikuwa watu wa kujitolea, wakifundisha barazani, bandarini na chini ya miti. Tarehe 18 Aprili 1991, katika mji wa Kozhikode, jimbo lilitangaza kwamba watu wake sasa wanajua kusoma, kwa kipimo kilichowekwa. Tangazo hilo halikusomwa na waziri. Lilisomwa na Chelakkodan Ayisha, mama wa Kiislamu wa wilaya ya Malappuram, aliyejifunza herufi ukubwani katika darasa kama lenu.

Kazi ya wiki hii ni fupi. Mwekeni unga au mchanga mkavu katika sinia, na kila mmoja aandike kwa kidole herufi ya kwanza aliyofundishwa. Kisha daftarini aandike jina la aliyemshika mkono siku ile, na mahali walipokuwa. Mistari mitatu yatosha. Mwandishi wa barua yetu, wewe andika minne, kama kawaida yako, na jioni ukiwasikia jirani wanapiga makofi, simama mlangoni uwaulize jina la wimbo.

Kwaherini mpaka somo lijalo.